Pikapu ilale, Vitz iende kazini: hesabu ya gari la pili Kampala

Simama Kireka au Banda saa moja asubuhi siku ya kazi, uitazame Barabara ya Jinja inavyomiminika mjini. Katikati ya teksi, zile za abiria kumi na zaidi ambazo wengine huziita matatu au daladala, na bodaboda zimo pikapu za dizeli kwa wingi: Hilux, D-Max, L200. Nyingi nyuma ni tupu, hata gunia la makaa halimo. Ndani yumo mtu mmoja aliyevaa shati la pasi, anawahi ofisi au duka. Chuma cha karibu tani mbili kinasogea kilomita ishirini hivi kumfikisha mtu wa kilo sabini kazini, na jioni kinamrudisha Seeta au Mukono.

Wenye pikapu hizi wanajua thamani ya pesa. Wengi walizinunua kwa sababu nzuri: shamba Luweero, mbao, saruji ya nyumba inayojengwa, msiba kijijini wakati njia imejaa matope. Ila gari lililonunuliwa kwa kazi ya siku nne kwa mwezi limegeuka gari la kila siku. Ndipo linapozuka wazo ninalolisikia sana siku hizi: nunua gari dogo la bei rahisi, Vitz, Passo au IST, likupeleke kazini, pikapu ipumzike. Kuna wanaoapa kwamba limewaokoa, na kuna wanaosema magari mawili ni matundu mawili mfukoni. Nimewasikiliza wote, na naamini kila upande unasema kweli kuhusu hesabu yake mwenyewe. Kinachowatenganisha ni umbali, bei ya kununulia, na pesa zilikotoka. Nataka kuyafungua haya moja baada ya jingine, kwa sababu nimeona familia zikiingia mkopo kwa hesabu ya kwenye kituo cha mafuta tu.

Mafuta yanaliwa na nini hasa

Tuanze na haki ya dizeli. Lita moja ya dizeli ina nishati ya megajuli 36 hivi, ya petroli ina kama 32. Injini ya dizeli pia inavuta hewa bila kubanwa, kwa hiyo ikiunguruma gari limesimama inakunywa kidogo kwa ukubwa wake. Pikapu iliyokwama kwenye taa za Nakawa kwa dakika tano haiizidi Vitz iliyo pembeni yake kwa kiasi ambacho watu hudhani. Na ushuru nao unaipendelea dizeli: nyongeza ya mwaka 2024 iliupeleka ushuru wa petroli kwenye shilingi 1,550 kwa lita, wa dizeli 1,230.

Kinachokula ni uzito. Gari likitembea limebeba nguvu ya mwendo, na kila unapokanyaga breki nguvu hiyo inageuka joto na kupotea. Ukiondoka tena unainunua upya, na bei yake inafuata kilo. Hilux ya milango minne ina uzito wa kilo 1,800 hivi. Vitz haifiki tani moja. Foleni mbaya kuliko zote kwa pikapu ni ile ya kusogea mita ishirini, kusimama, kusogea tena, na hiyo ndiyo hali ya Bweyogerere mpaka Nakawa karibu kila asubuhi. Mwenye kupita njia ya wazi, kwa mfano Barabara ya Kasi ya Entebbe alfajiri, hapotezi hivyo. Kwake tofauti kati ya magari haya mawili ni ndogo zaidi.

Kuna mtego mwingine, na huu ni wa hesabu. Hapa tumezoea kusema gari linakwenda kilomita ngapi kwa lita. Kutoka kilomita 8 kwa lita hadi 12, na kutoka 12 hadi 16, zote zinasikika kama faida ya kilomita nne. Zigeuze kuwa lita kwa kilomita 100: ya kwanza inakutoa lita 12.5 mpaka 8.3, ya pili inakutoa 8.3 mpaka 6.25. Hatua ya kwanza imeokoa lita zaidi ya nne, ya pili imeokoa mbili tu. Maana yake kwa mnunuzi ni kubwa: kuhama kutoka pikapu kwenda gari dogo lolote lenye afya ndiko kwenye pesa. Kuhangaika miezi mitatu ukitafuta gari linalokunywa kidogo kuliko yote sokoni hakuongezi mengi.

Ndiyo maana mimi huwashauri watu wasiing'ang'anie injini ya lita moja. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na injini ya petroli isiyo na tabo (turbo) hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwenye kimo hicho. Pakia watu wazima wanne kwenye Vitz ya 1,000 uipandishe Kololo au Muyenga, utaikanyaga mpaka sakafuni na itakunywa sawa na ya 1,300, huku ikichoka mapema.

Shilingi 321 kwa kilomita

Sasa tupige hesabu ya mfano. Bei nilizoweka ni za kielelezo. Weka zako, mpango haubadiliki.

Mtu anakaa Mukono, anafanya kazi katikati ya jiji. Kwenda na kurudi ni kilomita 42 hivi; kwa siku 24 za kazi inafika karibu kilomita 1,000 kwa mwezi, 12,000 kwa mwaka. Dizeli tuiweke 4,900, petroli 5,100. Pikapu kwenye foleni inakwenda kilomita 8 kwa lita, kwa hiyo inakunywa lita 125, shilingi 612,500 kwa mwezi. Gari dogo linakwenda 14, linakunywa lita 71 na kitu, kama shilingi 364,000. Umebakiza 248,000 kwa mwezi, karibu milioni 2.98 kwa mwaka.

Wengi huishia hapo, halafu wanakimbilia kununua. Hesabu hiyo imeacha mambo kila upande. Upande wa faida imeisahau pikapu yenyewe.

Fundi mmoja wa Ndeeba ninayempelekea magari alinionyesha sahani ya klachi aliyoitoa kwenye Hilux. Utando ulikuwa umeliwa mpaka riveti zinaonekana, chuma cha pembeni kimepata rangi ya buluu kwa joto. "Ssebo, hii haijaharibiwa na mzigo," akaniambia, akiigeuzageuza mkononi. "Gari hili halibebi kitu. Hii ni Kireka, kila siku Kireka." Mwenye gari alikuwa anatembea nusu klachi kwenye kimlima, mguu umening'inia, asubuhi na jioni. Gari dogo la otomatiki halina klachi ya kuunguzwa hivyo.

Ukitaka kuliona hili kwa shilingi, chukua kila kitu kinachoisha kwa kutembea ukigawe kwa kilomita zake. Tairi nne za pikapu za milioni 2.4 zikitembea kilomita 50,000 ni shilingi 48 kwa kilomita. Klachi na ufundi wake, milioni 1.5 kwa kilomita 60,000 za foleni, ni 25. Sevisi ya 350,000 kila kilomita 5,000 ni 70. Kumbuka injini ya dizeli ya lita 2.5 inameza karibu lita saba za oili, wakati Vitz inatosheka na nusu ya hizo au chini. Jumla 143. Kwa gari dogo tairi ni 20, sevisi 30, shokapu na bushi tuziwekee 20, jumla 70. Tofauti ya shilingi 73 mara kilomita 12,000 ni 876,000 kwa mwaka. Sijaigusa injekta wala tabo, ambazo zikifika zamu yake wauza vipuri wa Kiseka watakutajia bei ya kukaa chini kwanza.

Mafuta na uchakavu pamoja vinafika milioni 3.85 hivi kwa mwaka, yaani shilingi 321 kwa kila kilomita unayoihamisha kutoka pikapu kwenda gari dogo. Namba hii ndiyo ya kushika. Inazidishwa na kilomita zako, na haijali gari la pili umelinunua kwa shilingi ngapi.

Upande wa pili kuna gharama zinazokuja hata gari likikaa uani. Tuseme umelinunua kwa milioni 12 na baada ya miaka mitatu utaliuza milioni 9: limekula milioni moja kila mwaka. Gari la zamani lina matengenezo yasiyotabirika, weka milioni nyingine. Bima ya lazima ya mtu wa tatu na vidogovidogo, 150,000. Hapa Uganda tuna nafuu moja: leseni ya barabara ya kila mwaka ilifutwa miaka mingi iliyopita na kodi yake ikaingizwa kwenye mafuta, kwa hiyo gari lisilotembea hulilipii njia. Halafu kuna zile milioni 12 zenyewe. Zingekaa kwenye hatifungani za serikali zingekupa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, basi hesabu milioni 1.2 uliyoiacha. Jumla: milioni 3.35.

Toa 3.35 kwenye 3.85. Kilichobaki ni nusu milioni kwa mwaka. Kwa mtu wa Mukono, kilomita elfu moja kwa mwezi, pesa taslimu mkononi, faida ni nusu milioni, wala si zile milioni tatu alizoziona kwenye pampu. Ni faida ya kweli, na ninaipenda, lakini ni nyembamba.

Sasa mchukue anayekaa Ntinda au Kyambogo, kilomita 500 kwa mwezi. Anaokoa milioni 1.9 na kulipa 3.35. Anapoteza. Ukigawa 3.35 kwa zile shilingi 321 unapata kilomita 10,400 kwa mwaka, kama 870 kwa mwezi. Chini ya hapo, kwa bei hizi, gari la pili ni starehe. Starehe halali, lakini isiitwe akiba. Kinachoweza kuisogeza mipaka hiyo haraka ni bei ya kununulia. Mtu aliyepata Corolla ya zamani, ile Kikumi, kwa milioni 6 au 7 na injini nzima, kushuka kwa thamani kwake ni kidogo sana na pesa zilizolala ni nusu. Huyo anaweza kufaidika hata kwa kilomita 600 au 700.

Mkopo unakula akiba kabla haijazaliwa

Kwa jambo hili nina moyo mzito, kwa hiyo nitalisema wazi. Milioni 12 za mkopo wa benki kwa asilimia 18 kwa mwaka, riba juu ya salio linalopungua, miaka miwili: unalipa karibu 600,000 kila mwezi, na riba yote inafika kama milioni 2.4. Akiba yako kwa mwezi, mafuta na uchakavu pamoja, ni 321,000. Kwa miezi 24 unatoa mfukoni pesa nyingi kuliko zamani, huku umeambiwa unaokoa. Ada ya shule ikigongana na klachi ya pikapu ndani ya miezi hiyo, kitu kimoja kitauzwa kwa hasara, na mara nyingi ni hilo gari dogo.

Mkopo wa wale wanaohesabu riba juu ya kiasi chote cha mwanzo mpaka mwisho, hata kama umeshalipa nusu, usiufikirie kabisa kwa gari la kuendea kazini. Kama huna pesa taslimu, subiri. Panda teksi siku tatu kwa wiki na uweke tofauti pembeni.

Na kuhusu teksi tuambiane ukweli. Nauli ikiwa 4,000 kwenda na 4,000 kurudi, siku 24 ni 192,000. Mafuta peke yake ya Vitz ni 364,000. Kwa mtu mmoja anayetafuta kupunguza matumizi na hana haraka, teksi inayashinda magari yote mawili. Mizani inageuka mkiwa wawili au watatu: mama anashukia Mulago, mtoto shuleni Nakawa, baba mjini. Nauli tatu zinalipita tangi la gari dogo, na hapo gari la pili linapata maana ambayo pikapu pia ingeipata, ila kwa bei kubwa zaidi.

Kuna njia ya tatu ambayo watu hawapendi kuisikia: kuuza pikapu. Jiulize kwa uaminifu inabeba mzigo mara ngapi kwa mwezi. Tuseme ina thamani ya milioni 45. Pesa hizo zimelala, kwa asilimia 10 ni milioni 4.5 kwa mwaka. Inashuka thamani milioni 3 hata ikitembea kidogo. Ni milioni 7.5 kabla hujaweka dizeli. Kukodi pikapu au Canter kwenye steji kwa 150,000 kwa safari, mara nne kwa mwezi, ni milioni 7.2. Anayebeba mzigo chini ya mara nne angekuwa na gari moja dogo na namba ya simu ya dereva mzuri. Najua pikapu ni heshima, najua ukweni inasema mambo ambayo Passo haiwezi kuyasema. Heshima ina bei yake, na ni vizuri mtu aijue anapoilipa.

Kwa wenye pikapu mpya zaidi kuna sababu ya kiufundi inayozidi hesabu hizi zote. Nyingi zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, kinachojisafisha kwa kuyachoma masizi kwenye joto la nyuzi 600 hivi. Joto hilo linapatikana gari likitembea mfululizo kwa dakika nyingi. Mwenye safari fupi za foleni hawahi kulifikia. Masizi yanajaa, taa inawaka kwenye dashibodi, nguvu zinapungua, na fundi wa kwanza anashauri kichujio kitobolewe. Kikitobolewa, masizi hayo yanaingia kwenye mapafu ya mwanafunzi na muuza ndizi aliyesimama ukingoni. Shirika la Afya Duniani kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani liliuweka moshi wa dizeli kwenye orodha ya vinavyosababisha saratani mwaka 2012. Vipimo vya hewa vya mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere vipo kila kona ya Kampala, na yeyote anayevifuatilia anajua asubuhi zetu zikoje.

Ukienda kununua

Gari la bei rahisi halitoki kwenye bondi za Nakawa, yale maegesho ya magari yaliyoagizwa kutoka nje. Tangu 2018 magari yenye umri wa miaka 15 na kuendelea hayaruhusiwi kuingia nchini, na yanayoingia yanabeba ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18, na tozo ya mazingira kwa yaliyozeeka. Unachotafuta ni gari ambalo kodi zake zililipwa zamani na mwenyewe anabadilisha.

Nenda asubuhi, bila kutangaza saa kamili. Kabla ya salamu kuisha, weka kiganja kwenye boneti. Kikikuta joto, mwenyewe ameshaliwasha kuficha kitu, na wewe rudi siku nyingine. Likiwa baridi, chomoa kijiti cha oili. Injini ndogo za Toyota hazivumilii njaa ya oili: zina oili kidogo tangu mwanzo, na wenye gari wengi huongeza pale tu taa nyekundu inapowaka. Oili ikiwa chini ya alama ya mwisho, au nyeusi na nzito kama molasi, umeshajua maisha ya injini hiyo. Liwashe, simama nyuma, tazama ekzosi. Moshi wa buluu unaorudi ukikanyaga mafuta ni oili inayoungua.

Vitz na Passo kadhaa zina gia ya otomatiki ya mkanda, CVT, na hii inataka mafuta yake maalumu. Nimeona gereji zikimimina mafuta ya otomatiki ya kawaida kwa sababu ndiyo yaliyopo dukani. Baada ya miezi gari linatetemeka likiondoka, kisha linagoma. Liendeshe taratibu kutoka kusimama mara kadhaa. Likitetemeka, acha, hata kama bei inakuvutia.

Kisha karatasi. Jina kwenye logbuku liwe la anayekuuzia, au awe na mkataba unaomfikisha kwa mwenye jina. Tafuta gari hilo kwenye SIMPO, sajili ya dhamana za mali zinazohamishika ya URSB, ofisi ya serikali ya usajili, usije ukanunua dhamana ya mkopo wa mtu. Angalia faini za barabarani za EPS ambazo hazijalipwa, kwa kuwa zinafuata namba ya gari. Na njia ya kwenu: gari dogo lina sentimita 15 hivi kutoka chini. Kama kutoka lami mpaka getini ni udongo mwekundu wenye mitaro, ipite hiyo njia kwa miguu siku ya mvua ya Aprili kabla hujatoa pesa.

Pikapu nayo isiachwe ilale kabisa. Betri inashuka, na tangi lililo nusu linakusanya maji kwa ndani usiku wa baridi, maji yanayoweza kufika kwenye pampu na injekta. Ijaze tangi, mwaga maji ya kichujio cha dizeli, na mara moja kwa wiki iendeshe mpaka ipate joto kamili. Jumamosi mapema, Northern Bypass kutoka Busega hadi Bweyogerere, inatosha. Panga mizigo yote iangukie siku hiyo, saruji, chakula cha kuku, magunia ya shangazi.

Kila mwisho wa mwezi andika kilomita za pikapu. Ikiwa baada ya miezi mitatu bado zinaongezeka mia nane kwa mwezi, gari dogo halijaichukua kazi lililonunuliwa kuifanya, na zile milioni 3.35 unazilipa juu ya matumizi yako ya zamani. Hapo uza moja kati ya hayo mawili mapema, kabla bei yake haijashuka zaidi.